Baba Anasema Kioo Kinazima, Mimi Naona Kinawaka

Shangazi mshauri, shikamoo,

Naomba unisome mpaka mwisho, maana sina mwingine wa kumweleza, na kila nikijaribu kumwambia mtu mdomo unakuwa mzito. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na nimerudi kwa wazazi wangu na binti yangu wa darasa la pili baada ya ndoa kunishinda. Walinipokea bila neno, baba akahamisha makaratasi yake kutoka kwenye chumba cha nyuma ili tupate pa kulala, mama akatundika pazia, maisha yakasonga mbele, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kucheka tena.

Baba yangu anachora ramani za nyumba. Wajenzi wa huku kwetu wanamwita Rula, kwa kuwa enzi za kuchora kwa mkono mstari wake ulikuwa haupindi, na kompyuta zilipoingia alijifundisha mwenyewe, mtu mzima na mvi zake, kwa kubofya na kukosea na kubofya tena, hadi vijana waliosomea kazi hiyo wakawa wanakuja kumuuliza. Meza yake iko sebuleni karibu na dirisha, hapo ndipo anaposhinda, na sisi wote tumezoea kupita nyuma ya kiti chake kwa upole kama tunapita nyuma ya mtu anayesali.

Basi mapema mwaka huu laptop yake ikaanza kuzima kioo, yaani mashine inaunguruma, taa zake zinawaka, lakini kioo cheusi tii, ukikisukuma kidogo nyuma kinawaka, ukikigusa kona kinazima tena, baba akawa anakiegemeza kwenye pasi yangu ya mkaa na anatuonya tusitikise meza. Fundi wa kompyuta, tunamwita Bisibisi, aliifungua mbele yetu akatuonyesha waya unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye kioo, unapita kwenye bawaba, na pale kwenye bawaba ulikuwa umechubuka kwa sababu ya kufunga na kufungua miaka yote hiyo. Akaweka mpya, akafunua na kufunika kile kioo mara nyingi mpaka mama akamwambia imetosha utakivunja, na kweli kikawa kizima, baba akarudi kwenye ramani zake, tukasahau.

Haukupita muda, baba akasema tatizo limerudi. Lakini shangazi, na hapa ndipo ningepaswa kushtuka na sikushtuka, safari hii alilieleza kwa namna nyingine. Alisema kioo hakizimi chote kwa mara moja. Alisema giza linashuka kutoka juu, taratibu, kama mtu anateremsha pazia, linakaa kidogo, kisha linapanda na kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Sisi tukasema ni ule ule waya. Bisibisi akaichukua, akakaa nayo dukani ikicheza video kutwa nzima na jicho lake juu yake, akaiunganisha na monita kubwa, akaitingisha, akaipasha joto, akabadilisha hata ule waya mpya kwa mwingine, hakuona kitu. Baba alipokwenda kuichukua wakagombana mbele ya wateja.

"Umeniwekea kifaa kibovu ukadhani sitajua!"

"Mzee wangu, ningeliona tatizo ningekwambia. Sijaliona."

"Kwa hiyo mimi naota?"

Baba akatoka na mashine kwapani, akatukataza hata kumsalimia Bisibisi.

Kaka yangu anayefanya kazi mbali akasikia, akatuma laptop mpya kabisa, bado ina karatasi ya plastiki juu ya kioo, tukashangilia kama tumepata mtoto. Baba akachora nyumba nzima ya mteja bila shida. Halafu siku moja, tuko mezani tunakula, akasema bila kuinua kichwa, "Hata hii inafanya." Kaka akasema kwa simu labda ni umeme wa nyumba, tukaita fundi umeme akabadilisha soketi, hakuna, baba akahamia upande wa pili wa sebule, hakuna, akatumia betri bila kuchomeka kabisa, bado anasema giza linashuka, na sisi tunatafuta tu sababu nyingine, na nyingine, kwa sababu mashine ina sehemu nyingi za kulaumu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Juzi baba aliniita nimsomee vipimo kwenye karatasi ya mteja, nisome yeye aingize, nikakaa karibu naye bega kwa bega. Tulikuwa tumefika jikoni na stoo ya ile nyumba. Ghafla akaacha, akainua mkono kama mtu anayejikinga na jua, akasema, "Hiyo hapo! Umeiona? Imeshuka mpaka nusu. Umeiona?"

Nilikuwa nakitazama kioo, shangazi. Kilikuwa kinawaka. Kuta za jiko ziko pale pale, mlango wa stoo uko pale pale, na kale kamshale ka kipanya kako pale alipokaacha. Nikamgeukia usoni, akawa ananitazama lakini kama ananitafuta, na sauti yake haikuwa ya kuuliza, ilikuwa ya kuomba.

Nikasema, "Nimeiona, baba."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali, mama," akasema, na ananiita mama akiwa na furaha tu. "Mama yako anadhani nimeanza kuzeeka."

Nilikwenda jikoni nikamwambia mama. Alikuwa anakata vitunguu, akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasema najua. Anajua tangu siku baba alipomimina chai pembeni ya kikombe akasema meza imesogezwa. Nikamuuliza mbona umekaa kimya, akaniambia babu yangu, baba yake yeye, alipoteza macho, na tangu siku alipoambiwa macho yamekwisha aliketi kwenye kiti kimoja na hakuinuka tena mpaka walipomtoa amebebwa. "Kazi ndiyo inayomsimamisha baba yako," akasema. "Ukimwambia macho yanakwisha utakuwa umemzika yuko hai. Niapie hutamwambia." Nikaapa.

Ningenyamaza, ila jana binti yangu alirudi kutoka shuleni akaanza kusimulia huku anavua viatu. Baba ndiye anayempeleka asubuhi kwa gari. Akasema, "Mama, leo babu alisimama katikati ya barabara, magari yakapiga honi sana, nikamwambia babu twende, akaniambia subiri kidogo, barabara irudi."

Leo asubuhi nimeficha ufunguo wa gari ndani ya kopo la vifungo. Baba amepekua nyumba nzima, mama amenitazama kisha akaendelea kuosha vyombo, mtoto amekwenda shule kwa miguu. Naomba msaada wako. Nikimwambia nitakuwa nimevunja kiapo na nimemvunja baba. Nisipomwambia naogopa hata kumalizia sentensi. Na je, nitamwambiaje kwamba kioo kilikuwa kinawaka, wakati mimi mwenyewe nilimwambia nimekiona kikizima? Namba yangu ya simu iko chini, msiichapishe.

Ni mimi,
Mshona sare

*

Mwanangu mshona sare,

Marahaba. Wasomaji wajue kwamba majibu haya uliyapata kwa simu siku hiyo hiyo barua yako ilipofunguliwa hapa ofisini. Nilifika kwenye habari za barabara, nikaweka kalamu chini, nikampigia kwanza daktari ninayemwamini, kisha nikakupigia wewe. Hukupokea. Nikapiga tena, na tena, hadi mhariri akaniuliza kama nakudai, ndipo ukapokea. Nayachapisha niliyokwambia, kwa ruhusa yako, kwa sababu kuna nyumba nyingine zenye mzee anayelalamikia kioo, balbu au miwani.

Umeniandikia kirefu kuhusu laptop. Laptop ya kwanza ilipona siku waya ulipobadilishwa. Ya pili haijawahi kuumwa. Mashine mbili, soketi mbili, pande mbili za sebule, na giza ni lile lile, sasa kitu gani kilikuwa kipo kila mara? Ni baba yako. Mlitafuta kila mahali isipokuwa kwenye kiti, na sikulaumu kwa hilo, kwa sababu kulikuwa na hitilafu ya kweli mwanzoni, na hiyo ya kweli ikaificha ya pili nyuma yake.

Sikiliza sasa. Mama yako anaogopa upofu wa uzeeni, ule unaokuja polepole na kukaa. Dalili hizi si za upofu huo. Mtu anayeona giza linashuka kama pazia, likakaa kidogo kisha likapanda, huenda damu inashindwa kufika kwenye jicho lake kwa muda ule. Na mshipa unaolinyima jicho damu ndio huo huo unaopeleka damu kwenye ubongo. Daktari aliniambia kwa maneno haya: "Hiyo ni kengele ya kiharusi. Wasisubiri ilie tena." Mimi si daktari na sijamwona baba yako, inawezekana ni kitu kingine. Atakayesema ni yule atakayempima, na apimwe leo. Usiseme kesho, wala mkimaliza ramani ya mteja. Msianze kwa muuza miwani. Mpelekeni hospitali kubwa, mlango wa dharura, na mkifika useme maneno yale yale aliyosema yeye, pazia na yote.

Mama yako nampa pole, na namgombeza pia. Mama mwenzangu, ulimwona baba yako akizimika kwenye kiti na hofu hiyo umeibeba miaka yote, lakini umemwapisha mtoto wako kuhusu maisha ya mtu mwingine. Kiapo cha namna hiyo hakimfungi mtu. Binti, kivunje.

Na wewe. Ulidanganya kwa huruma, hilo nimelielewa. Ila huruma yako ilimfanya arudi kwenye usukani na mtoto kiti cha nyuma. Ufunguo ilikupasa kuuchukua mapema zaidi, tena usiufiche, uushike mkononi na useme kwa nini. Ingia sebuleni, kaa pale pale ulipokaa juzi, umwambie: baba, nilisema nimeona na sikuona. Usizunguke. Usimwambie anazeeka. Mwambie giza lake ni la kweli na lina daktari wake.

Weka mkasi chini uende.

*

Shangazi,

Nakuandikia kama nilivyokuahidi. Ulipokata simu niliingia sebuleni kabla moyo haujapoa, maana nilijua nikikaa kidogo tu nitatafuta uzi wa kushona. Nikakaa. Nikamwambia, "Baba, siku ile sikuona. Kioo kilikuwa kinawaka."

Kwanza akacheka. Kisha uso ukambadilika. "Ulisema umeona."

"Nilidanganya, baba."

"Ili iweje?"

"Sikutaka uumie."

"Kwa hiyo mmekaa na mama yako mnanitazama kama kichekesho." Mama alikuwa amesimama mlangoni, akafunika mdomo kwa kanga. Baba akasukuma kiti nyuma kwa nguvu, nikadhani anatoka, lakini hakutoka, akaelekea dirishani akasimama pale ametupa mgongo. Halafu nikaona anainua mkono anaziba jicho moja, anauteremsha, anaziba jingine.

"Ni la kushoto," akasema. "Siku ile kwenye gari niliziba hili, nikaiona barabara yote. Nikajiambia ni vumbi."

Shangazi, hapo ndipo nilipolia. Nyumba nzima tulikuwa tunajua, kila mtu na kipande chake, na kila mtu anakificha kwa ajili ya mwenzake. Mama akaenda chumbani akarudi na shati la baba la kutokea, akamvalisha kama anavyovalishwa mtoto, vifungo vyote, na yeye akakubali.

Hospitalini nilisema maneno ya pazia, na yule daktari wa zamu, dada mdogo kuliko mimi, akaacha kuandika akaniangalia. Akamsikiliza baba shingoni kwa kile kifaa cha kifuani, upande mmoja, kisha upande wa pili, akarudia upande wa kwanza. Wakampiga picha za mishipa, wakasema ule wa shingoni kushoto umeziba sehemu kubwa, wakamlaza na kumwanzishia dawa. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa anamlisha uji, baba akasema nipe nile mwenyewe, akashika kijiko, kikadondoka. Akajaribu kusema kitu na maneno yakatoka yamegongana. Muuguzi alikuwa kitanda cha pili. Sijawahi kuona watu wakikimbia kiasi kile bila kelele.

Walimpasua shingoni wakasafisha mshipa. Daktari mkubwa alituambia kwamba kile kiharusi kingemkuta nyumbani, au barabarani, angekuwa anazungumza nasi mengine.

Sasa yuko nyumbani, na wiki ijayo anarudi kliniki. Jicho halijafanya giza tena. Anaongea vizuri, taratibu tu. Ila mkono wa kulia umebaki mlegevu, na wiki hii alijaribu kuchora, mstari ukaenda unakotaka wenyewe, akaufuta, akachora tena, ukapinda tena, akafunga kompyuta akaomba aletewe maji. Bisibisi alikuja kumjulia hali. Baba akamwambia, "Nilikutukana mbele ya watu na hukuwa na kosa." Bisibisi akajibu, "Ulikuwa unaona giza kweli, mzee. Hata mimi nililitafuta kwenye mashine tu." Wakakaa wanazungumza habari za mpira mpaka jua likapungua.

Lakini mimi, shangazi, baba haniambii kitu zaidi ya salamu. Mama anazungumza naye, mjukuu anamkanda vidole na kumsimulia ya shule, mimi nikiingia anageukia dirishani. Alimwambia mama, "Huyu alinitazama machoni akanidanganya nikiwa nimekaa naye." Mama naye alificha, ila yeye hakuulizwa. Mimi niliulizwa. Nifanye nini? Nimpe muda au niombe msamaha tena?

Mshona sare

*

Mwanangu,

Ulishamwomba msamaha, na alikusikia. Ukirudia kila siku utakuwa unamwomba akuhudumie wewe, na yeye kwa sasa hana mkono wa kuhudumia mtu.

Ana haki ya kukasirika. Mtu aliyeishi kwa jicho lake na mkono wake alikuuliza swali moja, akiwa na hofu ambayo hajawahi kumwonyesha mtu, na jibu alilopata halikuwa la kweli. Usimharakishe kulisahau. Usimtumie mama yako akupatanishe, wala mtoto. Wala usijifariji kwamba uliokoa maisha yake kwa hiyo akushukuru. Uliokoa, ndiyo, na ulichelewa, na yote mawili utaishi nayo.

Nilichokisikia katika barua yako ni kwamba alichora, akafuta, akachora tena. Babu yako mzaa mama aliketi. Huyu hajaketi. Mwambie mama yako alitazame hilo kwa macho yake mwenyewe, alale usingizi.

Sasa kazi yako. Gari asiliguse mpaka daktari aseme kwa maandishi, na ukisema hapana useme mbele yake. Dawa azimeze kila siku, hata siku anazojisikia mzima, hasa siku hizo. Mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, akuonyeshe jinsi ya kuuzoeza ule mkono, nawe ujifunze mbele ya baba, sio nyuma yake. Na akikuuliza lolote, hata kama mstari umepinda na anauliza umenyooka, mjibu kweli. Atakuuliza, usiwe na shaka. Atakujaribu kwa kitu kidogo kwanza.

Ana kliniki wiki ijayo. Mama yako abaki na mtoto. Uende naye wewe. Kaeni kwenye benchi moja mngoje jina lake liitwe, na kama hamtazungumza, msizungumze.